Mkono kwenye Kitasa

Asilimia sitini na mbili ya programu mpya ilikuwa imeshaingia kwenye mfumo wa injini ya gari pale mama mkwe wa Hamduni alipofika uani na sanduku lake. Hamduni aliganda nyuma ya usukani, kompyuta iliyounganishwa na gari ikiwa mapajani. Kazi hii alijifundisha mwenyewe, na onyo lake alilikariri: mlango ukifunguliwa kabla ya kumaliza, gari huenda lisiwake tena. Na ndani ya nyumba mkewe, Zaituni, alikuwa akihesabu siku za kujifungua.

"Shikamoo, mama," alisema kupitia upenyo wa kioo.

"Marahaba. Siku hizi mkwe anaamkiwa dirishani?"

"Nikishuka, gari litakufa, mama."

"Nimezaa saba, baba. Sijaona mlango ukiua." Akashika kitasa.

"Nakuomba, mama. Ndilo la kumpeleka Zaituni hospitali."

Mkono ukabaki palepale. Themanini. Tisini. Mia. Kompyuta ikauliza kama aendelee na programu ya giaboksi. Hamduni akaifunika, hiyo ingengoja kesho. Sasa ilibaki kujua kama injini iko hai. Akashika ufunguo, asiweze kuuzungusha.

Mama mkwe akainama, akamtazama usoni.

"Washa basi," alisema kwa sauti ya chini.