Siku ya Kumwosha Mwanaharusi

"Mama Zaituni, na miwani hiyo, ndiwe unayemtazamia mwanao anga?" Jirani aliwahi kuniuliza hivyo akicheka, kwa kupaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara, maana sheria inamruhusu kila mtu kumkaribia mtu mmoja tu. Wangu ni binti yangu Zaituni, rubani.

Kila mwezi lazima aruke kwa kufuata vipimo vya ndege tu, amevaa kofia inayomziba asione nje, na mtu kando yake, yaani mimi, amwangalizie njia. Asiporuka, leseni inakufa.

Leo alfajiri dada yangu Mwanaharusi amefariki, na anazikwa asubuhi hii hii. Nikimgusa mwingine, hata maiti, natengwa siku arobaini.

"Leseni inaisha kesho, Mama," Zaituni alisema tulipokwisha kukaa ndegeni, injini bado haijawashwa. "Mama mkubwa ataoshwa na mashine."

"Mashine itamwombea dua gani?"

"Nikikosa kazi tutakula nini?"

"Mola ndiye mpaji. Miaka sita sijamshika dada yangu hata mkono, Zaituni!"

"Tukitua tutamwombea." Akavaa kofia yake. "Haya, niambie, mbele kuna mtu?"

Nikafungua mkanda, nikachukua kifurushi changu cha kafuri ya kumwoshea dada, nikashuka.