Nyonga ya Mzee Nyasani

Kwa siku tatu Mzee Nyasani alikataa kuoshwa. Alilala chali katika wodi ya wanaume ya hospitali ya Kisii, mguu wa kulia umevutwa kwa kamba na mfuko wa mchanga, blanketi amelishika kwa mikono miwili. Harufu ilikuwa imeanza kufika vitanda vya jirani. Yeye aliisikia kabla yao, na aibu ilimtafuna kuliko maumivu.

Alikuwa ameanguka kutoka paa la kanisa huko Marani, akipigilia mabati. Nyonga ikavunjika. Daktari alitaka kumpasua aushike mfupa kwa msumari wa chuma, lakini ngozi ya makalio ilishaanza kuchubuka.

"Mwambieni sipasui penye uchafu," daktari alisema. "Ngozi ikioza, hatatembea tena."

Na kutembea ndiko alikokutaka mzee, basi. Desemba wakwe wangekuja kutoka Gesima kuzungumza habari za Loice, kitinda mimba wake, aliyekuwa chuo cha ualimu. Kijana mwenye kuposa, Nyasani hakuwa amemwona. Mambo yote yalipitia kwa mshenga, na mshenga alisema ni mwana wa Onchiri, mtu wa kanisa, ana kazi na hanywi. Nyasani alikuwa ameapa kuwapokea wageni hao akiwa amesimama.

Sasa nani amwoshe? Mkewe alikuwa kaburini mwaka wa nne. Muuguzi wa kike alikuwa wa umri wa binti zake. Dresa wa kwanza, yaani mhudumu wa kuosha wagonjwa na kufunga vidonda, alikuwa Nyangau wa Marani, na kwa hesabu ya ukoo alikuwa mwanawe.

"Tata, baba yangu, nikuoshe tu," Nyangau alimwambia, akitazama sakafu.

"Afadhali nioze."

Wagusii huiita chinsoni, aibu iliyo pia heshima. Mtoto haoni uchi wa baba, mkwe haoni uchi wa mkwe, na aliyeona hawezi kujifanya hakuona. Nyangau alirudisha beseni lake haraka, na moyoni alishukuru.

Siku ya nne akaja dresa mwingine, aliyekuwa likizo. Kijana mrefu, mpole, wodini wakimwita Dresa tu. Alichukua kadi iliyoning'inia kitandani akaisoma. Ilikuwa na mistari mitatu tu, jina, kijiji na ugonjwa, lakini aliisoma muda mrefu. Kisha akaenda kwa sista wa wodi kuomba abadilishiwe wodi, na wagonjwa wote wakasikia alivyokaripiwa.

"Unachagua wagonjwa? Mzee wa watu aoze kwa sababu pua yako ni laini?"

Akarudi na beseni na sabuni. Nyasani alitamani kufa. Hata huyu, alijiambia, harufu yangu imemshinda.

"Kwenu ni wapi?" aliuliza.

"Mbali, mzee."

"Wewe ni nani kwangu? Sema kabla hujagusa blanketi."

Kijana aliloweka kitambaa, akakikamua, akakiloweka tena. Maji yalianza kupoa.

"Mimi si mtu wako, mzee," alisema mwishowe.

Mtu yeyote wa Marani angeendelea kuuliza: baba yako nani, babu yako nani, mama ametoka wapi, mpaka udugu upatikane, maana ukitafutwa sana haukosekani. Nyasani alijua sana kuuliza. Siku hiyo hakuuliza. Aliogopa jibu. Akaachia blanketi.

Dresa alimwosha huku yeye mwenyewe ameelekeza uso dirishani, mikono ikifanya kazi peke yake. Alimgeuza taratibu, akampaka dawa penye michubuko, akambadilishia shuka. Nyasani alilia kimya, akajidai ni nyonga inayomuuma. Ikawa hivyo kila asubuhi. Ngozi ikapona, daktari akapasua, msumari ukashika. Wiki za baadaye, mzee akiwa hawezi hata kujigeuza, ni kijana huyo huyo aliyembeba kama mtoto, na hakuna siku waliyotazamana machoni.

"Wakwe wanakuja Desemba," Nyasani alimwambia siku alipoanza kujifunza magongo. "Nataka wanikute nimesimama."

"Watakukuta umesimama, mzee."

"Nawe uje ule. Mimi sikujaliwa mtoto wa kiume."

"Kazi ni nyingi hapa," kijana alisema. Akainama kumfunga mzee kamba za viatu, na kamba hizo zikamchukua muda.

Desemba ikafika. Wageni walipopanda njia ya migombani, Nyasani alikuwa mlangoni amevaa koti lake la Sabato, gongo moja tu kwapani. Alihesabu watu watatu, wote wazee. Wa mbele, Manasseh, baba mdogo wa kijana, alivua kofia na hakukubali kiti.

"Mzee, tumekuja kuomba radhi. Kijana wetu amekataa kuoa hapa."

Jikoni, alikokuwa Loice, vyombo vikanyamaza.

"Binti yangu ana kosa gani?"

"Hana. Tumemuuliza mpaka tumechoka. Anasema msichana anampenda, na wewe anakuheshimu, ila kati yako na yeye kuna chinsoni na haitaondoka. Hata sisi tunashangaa. Ninyi hamjaonana hata siku moja."

Nyasani alihisi uso ukimwaka. Majirani walikuwa wamekuja kula, na wote walikuwa wamesikia.

"Mimi nimepigania kusimama hapa miezi minne," alisema. "Halafu mtoto nisiyemjua ananivua nguo mbele ya watu. Anafanya kazi gani huyo, ya kumpa kiburi hivi?"

Manasseh aliizungusha kofia mikononi.

"Ni dresa, hapo Kisii. Anaosha wagonjwa wodi ya wanaume."