Chande Ameshaingia

Siku hizi huruhusiwi kuongea na mtu, hata awe wa kwako, kabla programu ya kuchati kwenye kompyuta ya nyumbani haijamkubali. Chande ilimkataa asubuhi tatu mfululizo, na mara zote mkewe, Mwanaisha, alibonyeza "Namjua" kumwokoa. Asubuhi ya nne ikaandika: "Chande ameshaingia."

"Upuuzi! Mama Shomari, si mimi huyu hapa?"

Mwanaisha alikuwa anasoma kwenye skrini. Huyo Chande wa ndani ya kompyuta alimuuliza goti lake limeamkaje. Chande mwenyewe hakuwahi kuulizia goti lile.

"Muulize tulikula nini siku ya harusi, watu walipoondoka!" Chande alifoka, jasho linamtoka. "Hilo tunajua wawili tu!"

Mwanaisha akaandika swali. Jibu likaja papo hapo: "Ukoko wa pilau, tuligombania sufuria. Ukaniachia ulioungua kidogo, ninaoupenda."

Hilo la kuachiwa, Chande alikuwa ameshalisahau.

Mwanaisha akacheka, akafuta machozi. Halafu akageuka, akamwangalia Chande toka kichwani mpaka miguuni, akarudi kuandika:

"Baba Shomari, rudi haraka. Kuna mtu humu ndani."