Ukurasa wa Kijani

Kompyuta ilimjibu Mama Chapa kwa mara ya saba: Amri hii haitambuliki. Akaifuta, akasukuma miwani juu ya pua, akaandika upya herufi moja moja kama mtu anayetoa mwiba. Amri hii haitambuliki.

"Haya, usinitambue," aliinong'oneza. "Na mimi ndiyo kwanza nakuona leo."

Hakusema uongo. Kwa wiki tatu wafanyakazi kumi na wawili wa ofisi ile walikuwa wamefundishwa lugha ya kuandikia programu kwa chaki tu, ubaoni, maana mashine mpya zilikuwa hazijafika. Madaftari yalijaa: darasa, kitu, kurithi, na kile kiunzi ambacho mkufunzi alisema ni nyumba iliyokwisha simamishwa, kazi yako ni kupachika madirisha. Mama Chapa, mpiga chapa wa miaka ishirini na miwili, aliyaelewa hayo yote. Binti yake alimfafanulia nyumbani: "Mama, darasa ni ile karatasi ya kukatia nguo. Vitu ni magauni. Karatasi moja, magauni hata mia." Hata mumewe, aliyekuwa akisinzia kwenye kochi, alisema amepata.

Sasa mashine zimefika, na leo ni mtihani. Unaandika amri, kiunzi kinaamka, na kwenye kioo unatokea ukurasa ambao mkufunzi aliuchora ubaoni: maandishi ya kijani, "Karibu! Kila kitu kiko sawa," na alama ya vyema pembeni. Ukiupata, unabaki na meza yako. Ukiukosa, Jumatatu unahamia stoo ya chini kupanga mafaili ya zamani. Na kifua cha Mama Chapa na vumbi havipikiki chungu kimoja. Mara ya mwisho aliposhuka kule kutafuta faili moja tu, alilazwa siku mbili.

Kushoto kwake alikaa bwana wa masijala, ambaye kwa kupenda kwake kusahihisha watu walimwita Profesa. Alikuwa amekikinga kioo chake kwa bega zima.

"Mama Chapa," alinong'ona bila kugeuka. "Hivi ile alama ya vyema mwalimu aliiweka kushoto au kulia?"

"Kulia."

"Eeh. Nilitaka kujua kama unakumbuka."

Nyuma yao dada wa mapokezi akadakia, "Na kijani chenyewe, kilichokolea au cha majani machanga?"

"Kilichokolea," Profesa akamjibu upesi.

Loo! Mama Chapa akakigeukia kioo chake. Wenzake wameshafika kwenye mapambo, yeye hata hodi hajapiga! Akajaribu mara ya nane. Amri hii haitambuliki. Akatazama saa. Zimebaki dakika kumi.

Basi shetani naye ana ofisi yake. Mama Chapa akafungua programu ya kuandikia barua. Hapo alikuwa kwao. Akachapa maneno yale katikati, akayakuza, akayapaka kijani, akabandika alama ya vyema kulia, akaficha kingo zote mpaka karatasi ikajaa kioo. Dakika sita tu. Ukurasa ulitoka mzuri hata akauonea haya.

Mkufunzi akapita, mikono mgongoni, tai ikimtangulia. Akainama, akatazama, akatikisa kichwa polepole kama anayeonja mchuzi.

"Safi sana. Unaona kitu kinavyorithi sifa za darasa lake?"

"Naona, mwalimu."

"Ndiyo utamu wa lugha hii." Akampigia tiki, akaenda kwa Profesa.

Mkurugenzi alipoingia, mkufunzi alimpokea kifua mbele. "Bosi, kumi na wawili kwa kumi na wawili. Hakuna aliyeanguka."

Mkurugenzi akazunguka meza zote akitabasamu, akasimama kwa Mama Chapa. "Hata wewe, mwenzangu! Nilikuwa nakuombea, ujue. Basi nimeamua. Kuanzia Jumatatu utakwenda kuwafundisha wenzetu wa tawi la pili."

Mama Chapa akautazama tena ule ukurasa wa kijani. Kujidanganyia meza yake ni jambo moja. Lakini kwenda kusimama mbele ya watu wazima, wenye watoto na wao, awafundishe asichokijua? Alimkumbuka binti yake na ile karatasi ya magauni, machozi yakamlenga.

"Bosi, usinipeleke," alisema. "Hii ni barua. Nimeichapa mwenyewe. Ile lugha imenikataa mara nane."

Profesa ndiye aliyetangulia kusonya.

"Aibu gani hii, mtu mzima ovyo!" alisema. "Sisi wenzako tumehangaika hapa kwa jasho letu."

"Unatuharibia jina," dada wa mapokezi akaongezea.

Mkufunzi alitoa leso, akajifuta shingo. "Mimi, bosi, kuna kitu nilikishuku tangu mwanzo."

Mkurugenzi alikuwa ameumia kweli, ilionekana. "Wenzako kumi na mmoja wameweza, Mama Chapa. Kumi na mmoja! Kwa nini wewe tu? Chukua mkoba wako. Ukashike funguo za stoo."

Mama Chapa akakusanya mkoba, daftari na miwani, akapita katikati ya meza huku kila mtu akimpisha kwa heshima ya msibani. Kifua kilimbana kabla hata hajaliona hilo vumbi, lakini usoni alikuwa mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo.

Aliponyoosha mkono ashike kitasa, mlango ulisukumwa kutoka nje. Akaingia fundi wa kompyuta, anahema, nyaya shingoni.

"Samahani sana, bosi, gari liliniharibikia njiani," alisema. "Ile lugha na kiunzi chake ndiyo naja kuviweka sasa hivi, maana mashine zote kumi na mbili zina programu ya barua peke yake. Nianze na ya nani?"