Mbuzi ya Nazi Begini

Safari ilikuwa ya Nasra na mumewe tu, visiwa vya mbali, mchanga mweupe kama unga. Kwanza wifi yake, Saumu, akajialika, kisha akamwalika na mama mkwe. Sasa amekuja na mbuzi ya kukunia nazi, akaishindilia ndani ya begi, juu ya magauni mapya ya Nasra.

"Huko hakuna hoteli, wifi," alisema Saumu. "Na mama hali wali mkavu."

Nasra alimtazama mumewe. Shaibu alikuwa ameinamia ramani ya visiwa, kidole kikitembea baharini.

"Siku chache tu, mama watoto," alisema bila kuinua uso. "Mkono wako mama keshauzoea."

Nasra alichomoa gauni la kwanza chini ya mbuzi, kisha la pili, kisha viatu, hadi begini ikabaki mbuzi peke yake na meno yake ya chuma. Akafunga zipu, akalisukuma begi kwa mguu likagonga goti la Shaibu.

"Tafuteni wa kuikalia."

Saumu alianza kucheka, akaacha. Kidole cha Shaibu kilikuwa kimesimama katikati ya maji, mbali na kisiwa chochote.