Kikombe cha Mkurugenzi

Siku hizi sheria inamtaka mkurugenzi wa kampuni ya mafuta anywe maji ya kisima cha kijiji anakochimba, kila mwezi, mbele ya watu. Anayemnywesha lazima awe mfiwa.

Mzee Nampoto aliyachota maji yaleyale yaliyomuua mkewe Somoe, akamkabidhi Mkurugenzi Rweyongeza kikombe. Mkurugenzi akapiga mafunda mawili, akapaliwa. Mke wa mkurugenzi akamkimbilia, akamsugua mgongo, akamfuta midomo kwa pindo la khanga.

"Pole, baba Koku. Taratibu."

Wivu ukamwingia Nampoto. Wakubwa hawa, hata wakiadhibiwa wana wa kuwabembeleza. Yeye mgongo wake nani ausugue?

"Bado nusu, mheshimiwa," alisema.

"Lete nimsaidie," yule mama akadakia, akagugumia yote. "Kumbe ndiyo haya? Mbona matamu."

Hata Somoe alikuwa akiyasifu hivyohivyo, mpaka figo zilipokufa. Nampoto angeweza kumwambia. Lakini alimwona mkurugenzi akimshika mkewe mkono, akakichovya kikombe tena.

"Karibu uongeze, mama," akasema kwa upole.