Hajambo

Daktari Mwanaidi alisoma faili la Mzee Faki, damu ikamchemka. Ziara ya kwanza: "Hajambo." Ya pili: "Hajambo." Mara nne mzee amekuja na mgongo wake, mara nne limeandikwa neno hilohilo. Bakteria nao walikuwa wanakula pingili mbili za uti wa mgongo, na sasa usaha umebana neva. Tangu jana miguu haisogei wala haina hisia.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

"Mimi," alisema nesi Sauda. "Nilimuuliza hujambo, akasema sijambo."

"Mtu mzima umemsalimia, ulitaka aitikie nini?" Akamgeukia mgonjwa. "Na wewe, baba! Mgongo unaoza, unasema sijambo?"

"Sasa mwanangu, salamu si huitikiwa?"

Daktari akaagiza chumba cha upasuaji kiandaliwe.

Saa tano nzima alikwangua mfupa uliooza, akanyonya usaha, akaushikiza uti kwa vyuma.

Asubuhi ya tatu alifika kitandani, Sauda nyuma yake na faili. Mzee Faki alijiweka tayari kuitikia shikamoo. Daktari hakumwamkia. Alifunua shuka, akashika kidole gumba cha mguu wa kushoto, akakifinya kwa ukucha.

"Mama yangu! We mtoto huna adabu?"

"Sauda, andika: anaumia."

Sauda aliandika. Daktari akahamia mguu wa kulia, akakishika kidole, akaanza kufinya. Wodi nzima ilingoja mzee atukane.